Nyama Upande Huu, Maziwa Upande Ule

Ukishuka treni asubuhi kwenye Mtaa wa Houston, upande wa mashariki wa Manhattan, njaa itakuvuta kwenye milango miwili. Namba 179 ni Russ & Daughters, duka la samaki. Mwendo wa dakika chache mbele, namba 205, kwenye kona ya Ludlow, ni Katz's, deli, yaani mkahawa wa nyama. Yote mawili yalianzishwa na Wayahudi waliohamia New York, na yote yamepita umri wa miaka mia. Kwa vizazi kadhaa watu wale wale waliingia mlango mmoja asubuhi na mwingine mchana, kwa kuwa samaki na jibini vilikuwa na kaunta yake, na nyama ilikuwa na yake.

Kilichozitenga kaunta hizo ni amri fupi ya Torati inayokataza kumpika mwana-mbuzi ndani ya maziwa ya mama yake. Imetajwa mara tatu, na marabi wa zamani waliona kwamba jambo lililorudiwa hivyo haliwezi kuwa na maana moja tu. Wakasema mara ya kwanza inakataza kupika nyama na maziwa pamoja, mara ya pili inakataza kula, na mara ya tatu inakataza kunufaika na mchanganyiko huo kwa namna yoyote. Kutoka hapo zikaja sufuria za nyama na sufuria za maziwa, visu vya huku na visu vya kule, na saa za kungoja baada ya kula nyama kabla ya kugusa maziwa: wengi hungoja saa 6, wengine 3. Samaki alibaki katikati. Hahesabiwi kuwa nyama, kwa hiyo anaweza kuliwa na jibini, ilimradi awe na mapezi na magamba. Watu waliobeba sheria hiyo walipofungua biashara ng'ambo, hawakuweza kuuza kila kitu chini ya paa moja. Wakafungua maduka ya aina mbili.

Mengi yameandikwa kuhusu deli, na karibu yote huzungumzia kumbukumbu: harufu ya jiko la bibi, nchi iliyoachwa, lugha inayofifia. Sikatai. Lakini mimi kila ninapokaa kula katika mahali pa namna hii, kinachonijia kwanza ni ile sheria. Mpaka uliowekwa kwenye chakula ndio uliochagua kipande cha nyama, ukachagua mafuta ya kukaangia, ukapanga siku ya kufungua na siku ya kufunga, na mwisho ukagawa mtaa. Ule utamu ambao watu hupanda ndege kuufuata umetoka ndani ya mpaka huo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa katika nyumba inayouliza nyama imechinjwa na nani kabla ya kuuliza imepikwaje, na labda ndiyo maana nayaona mambo hivi.

Nianze na asubuhi. Ukiingia Russ & Daughters unachukua karatasi ya namba, unasimama na wenzako, unangoja kuitwa. Hakuna kusubiri kuzuri kuliko huko, maana samaki wote wamelazwa nyuma ya kioo na una wasaa wa kuwatazama mmoja mmoja. Yuko samoni wa chumvi tupu, wa sehemu ya tumbo yenye mafuta, ambaye moshi haukumgusa. Yuko aliyetiwa chumvi kidogo kisha akapitishwa kwenye moshi wa baridi. Yuko samaki mweupe wa Maziwa Makuu ya Marekani, mzima na kichwa chake, ngozi imekuwa ya dhahabu. Yuko heringi ndani ya siki na vitunguu, na heringi mwingine ndani ya krimu. Na yuko samaki wa kina kirefu cha Pasifiki, mnofu wake laini kama siagi, aliyepakwa paprika hadi ukingo wake ukawa mwekundu.

Mkataji anashika kisu kirefu chembamba. Anakilaza karibu sambamba na mnofu, anavuta taratibu bila kukandamiza, na kipande kinachotoka kinapitisha mwanga. Watu wa kazi hiyo husema kipande kizuri ni kile unachoweza kusomea gazeti. Baadhi ya wakataji waliosifika dukani hapo katika miongo ya karibuni walitoka Jamhuri ya Dominika, na mmoja wao alijifunza Kiyidi akawa anawahudumia wazee wa mtaa kwa lugha yao. Habari hiyo naipenda kuliko zote za duka hilo.

Mwanzilishi wake, Joel Russ, alifika Marekani mwaka 1907 akitokea Galicia, wakati huo sehemu ya dola ya Austria na Hungaria. Alianza kwa kuuza heringi wa mapipa, akafungua duka Mtaa wa Orchard mwaka 1914, na mwaka 1920 akahamia Houston. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti watatu, Hattie, Ida na Anne, ambao walikulia kwenye mapipa na walijua kazi. Katika miaka ya 1930 akawafanya washirika wake na kuwaandika kwenye kibao cha duka, zama ambazo baba mwenye biashara aliandika jina lake na la wanawe wa kiume tu.

Agizo la kawaida hapo ni beigeli yenye jibini laini na samoni. Wengi hudhani ni chakula kilichosafirishwa kizima kutoka Ulaya ya Mashariki. Sivyo. Beigeli ndiyo ilikuja na Wayahudi wa Poland: unga mgumu unaviringwa kuwa pete, unachemshwa kidogo kwenye maji, ndipo unaingia tanuri, na ni yale maji yanayoupa ngozi ya kung'aa na utafunaji wake mzito. Jibini laini ilianza kutengenezwa na wafugaji wa jimbo la New York miaka ya 1870. Na samoni alitoka pwani ya Pasifiki, ndani ya mapipa ya chumvi, baada ya reli kuunganisha pande mbili za Marekani mwaka 1869. Alikuwa bei rahisi. Aliwafikia wapangaji wa vyumba vya giza vya Lower East Side, eneo la mitaa hii, kama ng'onda na papa mkavu walivyowafikia watu wa bara kwetu: chumvi ndiyo iliyombeba, na mifuko mitupu ndiyo iliyompokea.

Vitu hivyo vitatu vilikutana New York, na sheria ikavipa ruhusa ya kukaa pamoja, kwa kuwa hakuna nyama ndani yake. Hata siku yake iliteuliwa na sheria. Sabato huanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi usiku; ndani yake hakuna kuwasha moto wala kununua. Jumapili asubuhi, wakati majirani Wakristo wako kanisani, ndipo familia ya Kiyahudi iliyofunga duka lake jana yake hutuma mtoto akalete beigeli na samaki. Hadi leo Jumapili ndiyo siku ya foleni.

Sasa twende mlango wa pili. Katz's ilianza mwaka 1888 kwa jina la wenyewe wa kwanza, akina Iceland. Willy Katz akaingia ubia mwaka 1903, na mwaka 1910 jina likawa la akina Katz. Ni ukumbi mpana wenye meza nyingi, picha kuta nzima, mvuke unapanda nyuma ya kaunta na kelele haziishi. Mlangoni unapewa tiketi ya karatasi. Kila unachoagiza kinaandikwa juu yake, na wakati wa kutoka unalipa kwa kuionyesha; ukiipoteza kuna faini. Unajipanga mbele ya mkataji wako mwenyewe. Anachoma pande la pastrami, nyama ya ng'ombe ya chumvi na moshi, kwa uma mkubwa, analitoa kwenye mvuke, analikata kwa mkono, na kabla ya kujenga sandwichi yako anaweka kipande kwenye sahani ndogo uonje. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wenye duka walikuwa na watoto jeshini, na duka likajulikana kwa kuwatumia vijana wa vitani salami. Tangazo la enzi hizo bado linaning'inia.

Lakini Katz's si kosheri, yaani haifuati sheria hiyo ya chakula. Wanafungua Jumamosi, nyama yao haichinjwi chini ya usimamizi wa marabi, na unaweza kuagiza nyama ya chumvi iliyofunikwa jibini iliyoyeyuka, kitu ambacho babu wa wengi wa wateja hao asingekivumilia hata kukitazama. Kwa sababu hiyo mimi sili nyama hapo. Nimekaa na marafiki, wao na sandwichi zao, mimi na sahani ya matango ya achari, yale ya kijani kibichi yaliyolala siku chache katika maji ya chumvi, vitunguu saumu na shibiti, na yale mengine yaliyokaa wiki nyingi hadi yakapoteza rangi. Sikujiona nimenyimwa. Nilipata nafasi ya kutazama, na nilichokiona ni hiki: sheria ilikwisha kuondoka katika ukumbi ule, lakini umbo lake limebaki. Nyama bado ni ya ng'ombe, haradali ndiyo inayopakwa mkate na si siagi, na anayeagiza pastrami na mayonesi hutazamwa kwa macho ya mshangao. Waliokuwa wakila pale hawakumtaja Musa, ila walikuwa wanakula ndani ya nyumba aliyoijenga.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi kwenye kipande chenyewe cha nyama, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo kiini kilipo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia Yakobo alivyoshindana usiku kucha na mtu aliyemgusa uvungu wa paja, akaondoka anachechemea, na tangu hapo wana wa Israeli hawali mshipa wa paja. Kuutoa mshipa huo pamoja na mafuta yaliyokatazwa ni kazi ndefu ya mtu aliyefunzwa. Wachinjaji wa kosheri Marekani waliona haina faida. Robo za nyuma za ng'ombe, zenye steki laini, wakaziuza kwa watu wasio Wayahudi. Wao wakabaki na za mbele: kidari, ulimi, na ule ukanda wa mafuta chini ya mbavu. Hizo ni nyama ngumu. Ukizichoma tu, utatafuna hadi taya ziume.

Basi wakazipa muda. Kidari au nyama ya chini ya mbavu hulazwa wiki kadhaa katika maji ya chumvi na viungo. Ikitoka hapo husuguliwa pilipili manga, giligilani, vitunguu saumu na paprika, ikatundikwa kwenye moshi, kisha ikapikwa kwa mvuke hadi mafuta yanalegea na nyuzi zinaachia. Ustadi huo uliletwa hasa na Wayahudi wa Romania, nchi iliyokaa muda mrefu chini ya Waturuki na kujifunza kwao kukausha nyama kwa viungo. Marekani wakakuta ng'ombe wengi na wa bei nafuu kwa sababu ya reli na machinjio ya Chicago. Mtu aliyekuwa kijijini kwao Ulaya akionja nyama usiku wa Sabato, tena kidogo, akajikuta anaweza kununua sandwichi ya nyama siku ya kazi, mchana, katikati ya zamu ya kushona. Kwa hiyo ninasita kuiita pastrami chakula cha kukumbuka nyumbani. Kwa wengi wao nyumbani haikuwako. Ilikuwa dalili ya kwanza kwamba safari imelipa.

Na nyama hiyo waliipigania. Mwezi Mei mwaka 1902 bei ya nyama ya kosheri Lower East Side ilipanda kutoka senti 12 hadi 18 kwa ratili. Akina mama, wengi wao wakiwa hawajajua Kiingereza, wakatoka barabarani kwa maelfu. Waliwaomba wanunuzi waache, na asiyetaka kuacha alinyang'anywa kifurushi chake. Wakavunja vioo vya mabucha, wakatupa nyama barabarani, wakaimwagia mafuta ya taa isiuzwe tena. Polisi wakawapiga na kuwakamata. Mgomo ukasambaa hadi Brooklyn, na mwezi uliofuata bei ikashuka. Wangeweza kununua nyama ya rahisi isiyo ya kosheri mtaa wa pili. Hilo halikuwa chaguo kwao, na kwa sababu halikuwa chaguo ndiyo maana bei ile iliwachoma hadi wakafanya walivyofanya.

Mwislamu wa Pwani akisoma habari hizo haoni ugeni. Sura ya Al-Maida imetuhalalishia chakula cha Ahlul Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na ingawa wanazuoni wanabishana kuhusu jina la Mungu kutajwa juu ya kila mnyama, Waislamu wengi waliofika Marekani kabla mabucha ya halali hayajaenea walinunua nyama ya kosheri kwa moyo mkunjufu. Mchinjaji wao anafanana na wetu kwa mengi. Kisu lazima kiwe kikali kisicho na pengo, koo likatwe kwa mvuto usiokatika, damu itoke. Kisha wanakwenda mbali kuliko sisi: nyama inaloweshwa maji nusu saa, inafunikwa chumvi ya mawe saa nzima ili damu iliyobaki itoke, halafu inaoshwa. Ninachouliza mimi ni kama mchuzi una mvinyo, kwa sababu mvinyo kwao si haramu. Baada ya jibu hilo ninakula. Siandiki hivi kudai kwamba meza inaweza kuondoa yaliyoko baina ya mataifa miaka hii. Watu wanakufa, na sandwichi haifufui mtu. Ninasema tu kwamba katika mji ule mkubwa, mara nyingi, mlango niliouamini bila kuuliza maswali mengi ulikuwa na maandishi ya Kiebrania juu yake.

Milango hiyo imepungua. Katika miaka ya 1930 New York ilikuwa na deli za kosheri zaidi ya 1,500. Leo zimebaki chache sana. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilifunga bandari kwa watu wa Ulaya ya Mashariki, baada ya takriban Wayahudi milioni mbili kuingia tangu 1881. Watoto wa waliofika wakasoma, wakahamia viunga vya mji, wakajifunza kula vya watu wengine. Kodi za pango zikapanda. Stage Deli ilifungwa mwaka 2012, Carnegie Deli mwaka 2016, na sandwichi ya pastrami iliyokuwa chakula cha mshona nguo sasa inapita dola 25 katika deli nyingi za Manhattan. Bei hiyo inaniuma, maana fundi wa leo hawezi kula pale alipokula fundi wa jana, na deli ikiwa ya watalii peke yao itakuwa imepoteza watu iliojengwa kwa ajili yao.

Vipo pia vilivyookolewa na kuhama. Mtaa wa Grand, duka la Kossar's, lililoanza 1936, bado linaoka biali, mkate bapa wenye shimo lililozibwa vitunguu, ulioitwa hivyo kwa mji wa Białystok nchini Poland. Wayahudi wa Białystok walikuwa zaidi ya nusu ya mji huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwezi Agosti mwaka 1943 Wanazi waliwatoa waliosalia gheto na kuwapeleka kuuawa. Waokaji wa mkate ule katika mji wenyewe wakaisha. Ukiununua ukiwa moto asubuhi, vitunguu vimeungua kidogo pembeni, umeshika kitu ambacho waliokianzisha hawakuachiwa nafasi ya kukirithisha mjini kwao.

Deli ninamokula nyama ni 2nd Ave Deli. Abe Lebewohl, aliyenusurika na maangamizi ya Ulaya akiwa mtoto, aliifungua mwaka 1954 katika Barabara ya Pili, eneo la majumba ya maigizo ya Kiyidi, na mbele ya mlango akaweka vigae vyenye majina ya waigizaji. Mwaka 1996 aliuawa na majambazi akipeleka fedha benki. Ndugu wa familia wakaendelea. Mwaka 2006 pango likawashinda wakafunga, na mwishoni mwa 2007 wakafungua upya Mtaa wa 33. Ni ya kosheri, ila hufunguliwa hata Jumamosi, kwa hiyo wako Wayahudi washika dini wasiokikubali cheti chake. Mabishano ya namna hiyo ninayajua vizuri. Kwetu nako kuna bucha ambalo mzee mmoja hula na jirani yake hali.

Nilimpeleka shangazi yangu alipokuja kutoka Mombasa. Kabla hajavuta kiti aliniambia nimsomee cheti kilichokuwa ukutani, jina la rabi na vyote. Nikamsomea. Akakaa, akatengeneza buibui lake, akatazama bakuli za matango na kabichi zilizokuwa zimekwisha kuletwa bila kuagizwa. Tukaanza na supu ya kuku yenye donge la unga wa mkate usiotiwa chachu, donge kubwa kuliko ngumi ya mtoto, jepesi hadi kijiko kinazama chenyewe. Mafuta yaliyolifunga ni ya kuku, kwa kuwa siagi ni maziwa na haiwezi kuingia jikoni mle. Shangazi akanywa vijiko viwili kimya, akasema, "Huyu kuku amechemshwa na mtu asiye na haraka."

Pastrami ilikuja juu ya mkate wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, ndani yake mbegu za kisibiti. Akaondoa mkate wa juu akauweka pembeni, akachukua kipande kwa vidole vyake. Kilikuwa chekundu katikati, na ukingo wake mweusi kwa pilipili manga. Mafuta yalikuwa yamelegea, yanang'aa. Alitafuna, akafumba macho, akaomba tena haradali.

Alipomaliza alitaka chai ya maziwa.

"Maziwa hatuna, mama," alisema mhudumu, mtu wa makamo mwenye mkono mwepesi. "Nikuletee ya limau? Au kuna hiki cheupe, kimetokana na mimea."

Shangazi akanigeukia. Nikamweleza habari ya mwana-mbuzi, sufuria mbili, na saa 6 za kungoja. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hata ya kopo?"

"Hata ya kopo, shangazi."

"Hata mgeni akiomba?"

"Hata mgeni."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi alete ya limau. Watu hawa wana adabu na chakula chao."

Adabu ndilo neno nililokuwa nikilitafuta kwa muda mrefu bila kulipata. Watu wengi ninaokaa nao wanaona mpaka kwenye chakula kama kunyimwa. Wanahesabu kilichokatazwa, na kwa kweli orodha ni ndefu. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya sahani iliyotoka ndani ya makatazo hayo yote, hakuhesabu lolote, na aliposikia kwamba amri haipindi hata kwa mteja anayelipa aliwaheshimu zaidi. Nafikiri alielewa kwamba jiko lisilobadilika kwa ajili yake leo halikubadilika jana kwa ajili ya mwingine, na kwa sababu hiyo anaweza kuliamini. Mwishoni walimletea kila mtu glasi ndogo ya soda ya chokoleti, nayo haina tone la maziwa. Alinyanyua yake akaitazama kwenye mwanga kabla ya kunywa.

Meza ya jirani alikaa bibi mmoja wa Kiyahudi, mbele yake ulimi wa ng'ombe na soda ya Dr. Brown's yenye ladha ya selari. Alikuwa ametusikiliza bila kuficha. Akaniambia nimwambie mama yangu kwamba wakati mwingine aagize ulimi, na aagize ukatwe mnene, vijana siku hizi wanaukata mwembamba. Nikamwambia ni shangazi. Nikatafsiri. Shangazi akasema ulimi anaujua, kwao unachemshwa kwanza ukamenywa ngozi ungali moto, ukipoa ngozi haitoki. Bibi akapiga meza kwa furaha: hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya, Brooklyn, kila kabla ya sikukuu, na yeye mtoto ndiye aliyekuwa akiunguza vidole. Shangazi akauliza mama huyo alitia nini ndani ya maji. Jani la mbei, pilipili manga, vitunguu saumu. Na giligilani? Bibi hakuwa na hakika. Shangazi akavuta kiti chake karibu na meza ile, akanitaka nimuulize mhudumu kama giligilani ya kwenye pastrami wanaikaanga kwanza au wanaisaga mbichi, kwa sababu yeye aliionja mbichi, na kama ni mbichi wanapoteza nusu ya harufu. Mhudumu akacheka, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda jikoni kuuliza.